Mpangaji Hapandi Mti

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Ninaandika haya nikiwa ndani ya chumba cha kupanga, hapa hapa mitaa ya mashariki ya Nairobi, na hata sijui hiki ni chumba cha ngapi tangu nije mjini. Nimekaa Shauri Moyo, nimekaa Ziwani, nimekaa Kaloleni, nimekaa Bahati... Nikimaliza mwaka mahali pamoja, miguu huanza kuniwasha. Majirani husema mimi ni mtu wa kutangatanga, ndivyo nilivyoumbwa. Labda ni kweli. Lakini kuna jambo wasilolijua.

Juzi mama wa mlango wa pili aliniletea ua lililopandwa katika mkebe wa samli. Akaniambia niliweke dirishani, chumba kipate uhai. Nililipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru sana. Alipogeuka tu, nikalitoa na kuwapa watoto wa nje. Wasomaji wenzangu, mtu mzima aliyesoma hadi sekondari anaogopa ua la mkebe! Chekeni kwanza. Mkishamaliza kucheka, nisikilizeni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kuelekea mwisho wake. Hali ya Hatari ilikuwa imelegea lakini haijaisha, na askari bado waliweza kukusimamisha popote wakuulize kipande, ile hati ya kujitambulisha. Mimi nilikuwa kijana, karani katika bohari moja ya nafaka karibu na stesheni ya Nairobi. Nilikuwa nimeoa msichana wa kwetu magharibi, Rispa, nikamleta Ziwani.

Chumba kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa cha binamu yangu Jairo, mpishi wa hoteli. Alitugawia nusu. Katikati tulitundika pazia la maua mekundu. Upande huu mimi na mke wangu, upande ule Jairo na baiskeli yake. Jairo hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kujigeuza kitandani alikuwa akikohoa kidogo, ili tujue kwamba yu macho. Lakini niambieni, ndoa gani inajengwa nyuma ya pazia?

Humo ndimo mimba ya kwanza ya Rispa ilimoharibikia. Humo humo ikaharibika ya pili... Ile mara ya pili alilia akiwa ameuma leso, Jairo asisikie. Jairo alisikia. Alitoka akaketi kizingitini asubuhi nzima, hakwenda kazini. Tangu siku hiyo Rispa alikuwa na ombi moja tu kwangu. Alitaka mahali penye mlango wake mwenyewe, penye udongo na kimya, azae mtoto atakayeishi. Hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Pale bohari alikuwepo mtu mmoja ambaye nitamwita Gitau. Kazi yake ilikuwa kupima magunia kwenye mizani. Yeye hakulala Nairobi. Kila siku alikuja kwa gari moshi kutoka mji mdogo wa huko juu kwenye baridi, na jioni akarudi kwao. Mji huo sitautaja, kwa sababu jamaa zao wangali hapo. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, mtu wa kukugawia nusu ya mhindi wake wa kuchoma kabla hujaomba. Mimi nilimpenda. Nikamweleza habari za Rispa, jinsi mtu anavyomweleza ndugu yake.

"Bwana karani," akaniambia, "utalala nyuma ya kitambaa mpaka lini? Hata kuku wa kwetu ana chumba chake!"

Akanieleza kwamba shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili uani kwake, tupu, inayoliwa na mchwa. Kutoka hapo hadi stesheni ni mwendo mfupi. Nitapanda gari moshi asubuhi pamoja naye, nitarudi jioni pamoja naye. Mke wangu atapata kipande cha kulima. Kodi yenyewe haizidi ile niliyochangia Ziwani.

Nilipomwambia Jairo, alitikisa kichwa. "Haya nenda," akasema. "Wewe hujawahi kukaa mahali ukatulia. Ila nafasi ya kitanda hapa Ziwani haikai siku mbili, unajua. Nikishapata mtu, sitamfukuza kwa ajili yako. Usije ukasema Jairo ana roho mbaya."

Nilikuwa tayari ninakunja pazia.

Ee Mungu, jinsi tulivyopapenda mahali pale! Ukishuka stesheni, unapita maduka machache ya mabati, unapita shamba la miwati, ndipo unaliona boma la mjane huyo, Mama Wangari. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, mabati juu. Marehemu mumewe aliijenga kwa ajili ya mtoto wa kiume aliyemtarajia. Mtoto wa kiume hakuja. Alikuja Wangari peke yake, naye alikuwa ameolewa mbali. Kwa hiyo yule mama alikuwa akiishi peke yake, na nyumba ya mtoto asiyezaliwa ikimtazama kila siku mlangoni.

Siku ya kwanza alimshika Rispa mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha kipande cha ardhi.

"Hapa lima," akamwambia. "Panda mahindi, panda maharagwe, panda viazi. Chochote kinachoota na kuliwa ndani ya mwaka, panda."

Tulimshukuru mpaka akaona haya. Sikujua kwamba katika yale maneno matamu palikuwa na sheria. Ningejuaje? Aliyesema alidhani nimeelewa, kwa maana kwao hata mtoto mdogo angeelewa. Nami niliyesikia niliona ukarimu tu...

Rispa akapanda mahindi, akapanda maharagwe, na pembeni akapanda mrenda, ile mboga yetu. Alipoipika mara ya kwanza, Mama Wangari aliionja, ikamtoka mdomoni ikaning'inia, akacheka hadi akashika ukuta.

"Uuui! Karani, mke wako anakupikia sabuni!"

"Kula, mama," Rispa akamwambia. "Inashuka yenyewe, haihitaji meno."

"Basi itanifaa, kwa maana yangu yamebaki ya kuonyesha wageni tu!"

Kuanzia siku hiyo wakawa mama na binti. Yule alikuja na githeri yake ya mahindi na maharagwe, huyu akaenda na ugali. Mimi asubuhi nilitembea kwenye ukungu na Gitau mpaka stesheni. Tukaketi katika behewa la daraja la tatu, kati ya akina mama wenye kabichi na wazee wenye mitungi ya maziwa, tukicheza drafti juu ya kibao alichokibeba kwapani. Alikuwa akinishinda karibu kila siku. Nikishindwa aliniambia, "Karani, wewe unatazama kete yako tu. Tazama ya mwenzako inakokwenda." Mara ngapi nimeyakumbuka maneno hayo!

Rispa akashika mimba tena. Safari hii ikakaa. Kila mwezi uliopita tuliogopa kuutaja. Mama Wangari hakumruhusu kuchota maji wala kupasua kuni. Mtoto alipokuja, alizaliwa mikononi mwa mama huyo huyo, adhuhuri, mvua ikinyesha. Nilisikia sauti ndogo, kali, yenye hasira. Binti! Nilikaa chini penye matope na suruali yangu ya ofisi, nikalia kama mtu aliyefiwa. Tukampa jina la ubatizo, Debora.

Sasa ndugu zangu, lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu. Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa uani, na juu yake baba hupanda mti. Mti ule na mtoto ni kitu kimoja. Mti ukishika, mtoto ameshika. Hakuna anayethubutu kuung'oa. Wale wawili waliotangulia hawakufika kupata mti, na mama yangu kule nyumbani alilijua hilo. Aliposikia habari njema, akatuma mche wa lusiola, mti wetu wa maua ya manjano, umefungwa kwa gunia bichi, ukaletwa Nairobi na mtu wa kwetu aliyepanda gari la Kisumu.

Siku nilipoupokea nilirudi nao jioni, nimeuweka magotini katika behewa. Gitau akauliza ni kitu gani. Nikamweleza yote: kondo, mti, mtoto. Kibao cha drafti kilikuwa katikati yetu na ilikuwa zamu yake, lakini hakucheza. Nilidhani ameguswa moyo. Kisha akacheka cheko lake lile.

"Mila nzuri hiyo, karani. Panda bwana! Kwani mti unakula nini? Lakini usiufiche nyuma ya jiko kama mtu aliyeiba. Upande pale kwenye kona, karibu na njia. Wapitao wote waone kwamba karani amepata mtoto."

Nilimwuliza kama nimwombe ruhusa Mama Wangari kwanza. Akasema, "Shemeji yangu? Yule amempokea mtoto wako kwa mikono yake, atakunyima shimo?" Nikaona ni kweli.

Jumapili Mama Wangari alikwenda kanisani. Gitau akaja na jembe lake. Nilimwomba anisaidie kuchimba, maana ardhi pale kwenye kona ilikuwa ngumu. Akarudisha mikono nyuma.

"La, karani. Mti wa mtoto huchimbiwa na babake."

Nikaona ni heshima hiyo! Nikachimba. Kondo lilikuwa limezikwa na Mama Wangari siku ile ya kuzaliwa, nikalihamisha mimi mwenyewe, nikalifukia pale kwenye kona, nikapanda mche juu yake. Rispa alisimama na mtoto mgongoni, akaimba wimbo mfupi wa kwao. Gitau alisimama njiani, upande wa pili wa ua, akitazama. Hakukanyaga ndani hata hatua moja.

Mama Wangari aliporudi kutoka kanisani alisimama mbele ya ule mche na Biblia yake kwapani. Alisimama kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa ninakunywa chai mlangoni, nikamwita kwa furaha, "Mama, umeuona mti wa mjukuu wako?" Hakuitika. Aliingia ndani kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

Nami niliendelea kunywa chai yangu.

Jioni alikuja. Alisema kwa upole, macho yakiwa chini. "Mwanangu, huo mti uhamishe. Kwetu mpangaji hapandi mti. Anapanda cha kula. Mti hupandwa na mwenye shamba. Ukipanda mti, umesema ardhi ni yako."

Nilishtuka, nikamwambia kwamba sina nia hiyo hata kidogo, yeye ananijua. Akasema ananijua, lakini mti haumjui mtu. Wazee walikuwa wakipita boma kwa boma wakipima mashamba, kila mwenye ardhi apewe mpaka wake wa kudumu. Wangefika kwake wakati wowote. Na yeye ni mjane asiye na mtoto wa kiume.

Nilikuwa tayari kuung'oa pale pale, Mungu ni shahidi wangu. Lakini Rispa alianguka chini. Alishika vifundo vya miguu ya yule mama, akamwambia, "Mama, nimezika wawili. Huyu ndiye wa kwanza kuwa na mti. Ukiung'oa, unaning'olea yeye..." Mtoto naye akaanza kulia kitandani, kana kwamba amesikia.

Mama Wangari alimwinua, akamfuta matope magotini kwa khanga yake mwenyewe, akaenda zake.

Siku iliyofuata nilimweleza Gitau ndani ya gari moshi. Nilimwomba ushauri! Nilimwomba simba anichungie mbuzi. Akaniambia nisijisumbue, wazee wa kike wana hofu za zamani, mambo yatapita. "Ukiung'oa sasa na mtoto akapatwa na homa kesho," akaniambia, "utamtazamaje mke wako?" Basi nikauacha mti.

Na Mama Wangari akaja mwenyewe, baada ya kuyafikiri. Alimchukua Debora akampakata, akasema bila kututazama, "Uacheni. Mtoto kwanza. Mengine nitajua mwenyewe." Hatukujua atafanya nini. Tulifurahi tu. Wapangaji hufurahi upesi...

Wazee walikuja Jumamosi. Siku hiyo Gitau alikuwa ameomba ruhusa kazini, kasema ana mgonjwa. Mimi nilishuka stesheni peke yangu mchana, nikiwa na mkate na sukari. Nilipokaribia nyumbani niliona watu wamejaa kwenye kona yetu. Wazee wa kamati, vijana wenye kamba ya kupimia, na majirani. Mama Wangari alikuwa amesimama katikati yao na leso yake nyeupe ya kanisani. Walikuwa wakiongea kwa lugha yao, ambayo mimi sikuijua zaidi ya salamu. Nilimwona mzee mmoja akiunyooshea ule mche fimbo, akauliza kitu. Mama Wangari akajibu neno moja, akajigusa kifua.

Ndipo Gitau akageuka akaniona. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyempata rafiki wa siku nyingi. Akanena kwa Kiswahili, sauti kubwa:

"Karani! Umefika wakati mzuri. Hebu waeleze wazee ile hadithi ya mti. Nimewaambia watu wa magharibi mna mila nzuri sana!"

Rispa alikuwa mlangoni na mtoto. Nilikwenda nikamchukua Debora, nikasimama mbele ya wazee wale, nikiwa na fahari ya baba. Nikasema kwamba mti huo niliupanda mimi, kwa mikono yangu, kwa sababu ya binti yangu huyu. Nikaeleza kondo, nikaeleza lusiola, nikaeleza jinsi mche ulivyosafiri kutoka kwa mama yangu. Nilieleza vizuri, kama mtu aliyesoma. Kijana mmoja alinitafsiria sentensi kwa sentensi.

Kadiri alivyotafsiri, ndivyo nyuso zilivyobadilika. Nikamtazama Mama Wangari. Lo! Macho yale... Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka tu.

Mzee mwenye fimbo akaniambia kwa Kiswahili, "Tumemwuliza mama huyu ni nani aliyepanda mti. Amesema ni yeye."

Sasa ndipo nilipoelewa alichokusudia aliposema atajua mwenyewe. Alikuwa amejitwika uongo mbele ya wazee, yeye mtu wa kanisa, ili mtoto wangu abaki na mti wake. Na mimi nimekuja na mkate wangu na sukari yangu nikauvua uongo ule nguo hadharani!

Gitau hakucheka tena. Alisema kwa huzuni ya kujifanya kwamba ndiyo haya aliyokuwa akiyahofia. Shemeji yake ameiuza ardhi ya marehemu kaka yake kwa mgeni kisirisiri, na sasa anaficha. Kwa nini mtu aseme uongo kama hakuuza?

Nilipiga kelele. Nilisema mimi ni mpangaji tu, nalipa kodi, sijanunua hata upana wa kiganja. Wakauliza, "Mpangaji anapanda mti?" Nikasema nitaung'oa sasa hivi, wote wakiona. Nikampa Rispa mtoto, nikainama. Rispa akatoa ukelele ambao sitausahau. Lakini yule mzee alinizuia kwa fimbo yake, taratibu.

"Acha, kijana. Mti ukishaulizwa umekwisha jibu."

Wakakata shauri lao. Mjane hana mtoto wa kiume, ameingiza mgeni katika ardhi ya ukoo, tena amesema uongo. Shamba likajumlishwa na la Gitau, ndugu wa marehemu. Kamba ikavutwa pale pale, ikapita mbele ya jiko la Mama Wangari kana kwamba halipo.

Jumatatu nilimkuta katika behewa lile lile, mahali pale pale, kibao cha drafti magotini. Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza kama ni urafiki tu uliomfanya anitafutie nyumba, au siku ile aliponigawia mhindi wa kuchoma pale bohari alikuwa tayari anatafuta mtu wa mbali, asiyejua mila za kwao. Akina mama wa kabichi waligeuka wote kututazama. Alinitazama bila chuki yoyote.

"Karani, mbona unanilaumu? Jembe lilikuwa langu, lakini mikono ilikuwa yako."

Kisha akaanza kupanga kete. Nilihama behewa. Nilimaliza safari nimesimama mlangoni, moshi ukiniingia machoni, na nilishukuru kwamba ulikuwepo, watu wasijue.

Mama Wangari aliondoka juma lile, mkwewe alipokuja na mkokoteni. Alikuwa na vitu vichache mno kwa mtu aliyeishi mahali miaka yote ile. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kupakia vitu vyake mkokotenini. Rispa ndiye aliyezungumza. Alimwuliza, "Mama, jina lako wewe mwenyewe ni nani? Siku zote tunakuita kwa mwanao."

Yule mama alifikiri kidogo, kana kwamba jina lenyewe limewekwa mahali pa mbali. Akasema, "Nyambura."

"Basi Debora ni Nyambura," mke wangu akasema. Na mpaka leo ndivyo anavyoitwa. Binti wa magharibi, Debora Nyambura. Watu wakimwuliza amelipata wapi jina hilo, huwaambia ni la bibi yake.

Mkokoteni wa Mama Wangari haukuwa umetoweka bado mwisho wa njia, Gitau akaingia uani na panga. Sasa alikanyaga ndani, hakuogopa tena. Mche haukufika magotini mwake. Aliukata kwa pigo moja, akautupia mbuzi. Nilitaka kumrukia, Rispa akanishika. Nilitarajia alie. Hakulia. Aliingia ndani akaanza kufunga mizigo, naye alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Wasomaji, huo ndio uliokuwa mwisho wa nyumba yangu. Nilirudi Ziwani, nafasi yetu ilikuwa na mtu, tena mwenye mke na mtoto. Jairo alinitazama kwa huruma, akakohoa kikohozi chake kile, akasema naweza kulala chini ya meza siku chache. Mimi, ndiyo. Lakini mke na mtoto mchanga? Nikawapeleka stesheni, wakapanda gari la Kisumu.

Nilimwambia Rispa nitatafuta mahali, nitawaita. Akaniambia dirishani, gari likianza kujivuta, "Baba Debora, usinitafutie. Sitalala tena mahali ambapo mti wangu unaulizwa maswali."

Na neno lake lilikuwa neno. Alipanda mti mwingine nyumbani kwetu. Debora aliugua mwaka ule, akapona, akakua. Mimi nikabaki mjini, chumba baada ya chumba, nikienda nyumbani mara moja kwa mwaka kama mgeni mwenye zawadi. Binti yangu alijifunza kutembea, kusoma, kupika mrenda, yote mimi nikisimuliwa. Je, hayo ni maisha ya mtu aliyekuwa akitaka mlango mmoja tu wa kwake na mkewe?

Miaka ilipopita nilimtafuta Mama Wangari. Nilimkuta kwa binti yake, ameketi juani, macho hayaoni vizuri. Nilipiga magoti, nikasema mimi ni yule karani. Niliyapanga maneno ya msamaha njia nzima, lakini hakuniachia nafasi. Aliniuliza jambo moja.

"Mtoto anatembea?"

Nikamwambia anatembea, mama, anakimbia, yuko shuleni, na anaitwa kwa jina lako.

Akatabasamu na mdomo wake usio na meno hata ya kuonyesha wageni. "Basi mti ulishika," akasema.

Nilitoka pale nikatembea hadi stesheni bila kuijua njia niliyopita.

Ndugu yangu unayesoma haya, labda nawe umechoka na chumba cha mjini. Labda kuna rafiki kazini anayekuambia habari za nyumba nzuri huko nje, penye hewa na kipande cha kulima. Nenda, sikukatazi. Lakini usiulize kodi peke yake. Ukifika, kaa na mwenye nyumba mwenyewe, wala si ndugu yake, wala si rafiki aliyekuleta. Mwambie akueleze desturi ya ardhi ile kama anavyomweleza mtoto mdogo, wala usione haya. Mweleze nawe ya kwenu, hata ile unayodhani haina neno. Desturi yako ni baraka kwenu; kwa watu inaweza kuwa panga mkononi mwa adui.

Na mwenyeji wako akisimama kimya mbele ya kitu ulichokipanda, nakusihi, usiendelee kunywa chai yako. Weka kikombe chini. Nenda ukamwulize.